Sekunde Nne za Queen

Machi 11, Jumatatu. Mvua milimita 23.

Nimesoma kipimo saa tatu kamili asubuhi, kama nilivyosoma kila siku miaka thelathini na sita hapa Amani kwa watu wa utafiti, na kama ninavyosoma hapa nyumbani tangu waliponistaafisha. Mimi Asheri darasa la tatu sikulimaliza, lakini mlima huu mzima hakuna mtu mwenye mvua nyingi kwenye madaftari kunishinda. Wenye digrii walikuja, wakakohoa kwa baridi, wakaondoka. Mimi nipo.

Leo naongeza maneno chini ya mvua kwa sababu mjukuu wangu Queen ameanguka. Anachuma chai shamba la chini. Alikuwa anavuka gogo la mtoni na gunia la majani kichwani, hedifoni masikioni, akaenda na gunia lake. Gunia limechukuliwa na maji. Yeye amechanika goti. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye jiwe, hedifoni zinaimba zenyewe shingoni. Wenzake walinishangaa, sikulia wala sikugombeza. Tangu mama yake, binti yangu Beatrisi, alipofariki mwaka juzi, mambo yananifikia yakiwa yamepoa. Nilimfunga goti kwa khanga tukapanda mlima.

Machi 12. Mvua 31.

Nimeshuka hadi banda la kupimia majani. Wachumaji walikuwa kwenye foleni na mizigo yao. Mnyapara wao ni Robert, namjua tangu ana kamasi. Nikapanda juu ya kreti nikawaeleza kwamba mizani ya mwili wa binadamu iko ndani ya sikio, hilo nimelisikia kwa wataalamu wenyewe, na msichana akiziba masikio kwa muziki ni kama amefungwa kitambaa machoni. Wasichana walicheka. Loveness, yule mwenye mdomo, akauliza kama babu naye anayumba kwa ajili ya hedifoni. Nikamwambia mimi siyumbi, gogo lile nimelivuka na kipimo kizima mgongoni kabla mama yake hajazaliwa.

Robert alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kuanzia leo hedifoni marufuku shambani. Na Queen akae nyumbani kwanza, maana akianguka tena atakayeulizwa ni yeye Robert. Nafasi yake ataishika mpaka masika yaishe, zaidi ya hapo hawezi. Nikamwahidi nitamletea ushahidi wa maandishi kwamba msichana akivua hedifoni anasimama vizuri.

Nilirudi nimenyooka. Nilimpa Queen habari. Aliendelea kuosha sufuria ile ile.

Machi 13. Mvua 8.

Nimelaza gogo la mkaratusi uani, nimelichonga juu liwe bapa. Kanuni ni hii. Msichana anapanda, anasimama kwa mguu mmoja, anafumba macho. Nahesabu sekunde kwa saa yangu ya mkono mpaka mguu wa pili uguse chini. Mara moja bila hedifoni, mara moja nazo. Naandika na upande aliouangukia, maana kazini tuliandika hata upande wa upepo. Mkubwa wangu wa kwanza alinifundisha: mvua huiulizi, unaisoma. Kwa hiyo simuulizi mtu kitu. Nasoma.

Machi 16, Jumamosi. Mvua 40.

Wamekuja Leticia, Lea na Loveness baada ya kazi. Nimewachemshia chai ya mchaichai wasione wamedhulumiwa. Queen alikuwa wa nne.

Leticia bila 21, nazo 18. Lea bila 14, nazo 15. Loveness bila 30, nazo 24, lakini huyu alikuwa anatingisha kiuno kwa wimbo, nimemwonya.

Queen bila 4, nazo 4. Kushoto zote mbili.

Nilimwambia asifanye mchezo. Akasema hafanyi. Nikamrudisha juu. Nne tena, kushoto.

Machi 17, Jumapili. Mvua 12.

Kanisani. Queen hakukaa na kwaya, anasema sauti imemkauka.

Machi 19. Mvua 3.

Hakuna.

Machi 20. Mvua 55.

Nimemkuta Queen amesimama kwenye mlango wa jikoni ameshika miimo yote miwili, kama mtu aliye ndani ya gari linalokata kona. Nilipopita akaiachia. Sikuandika sekunde kwa kuwa hakuwa juu ya gogo.

Machi 23, Jumamosi. Mvua 17.

Mara ya pili. Leticia bila 23, nazo 19. Lea 16, nazo 14. Loveness 28, nazo 25. Hesabu yangu inakwenda ninavyotaka: hedifoni zinapunguza kidogo, sekunde mbili, tatu, nne. Nimewaambia wasichana kwamba kitu hiki wazungu watakigundua baadaye na kukipa jina lao.

Queen bila 3, nazo 5. Kushoto, kushoto. Anaanguka zaidi akizivua kuliko akizivaa. Hii haina maana. Anaharibu wastani.

Niliona ameziba sikio la kushoto kwa pamba, hedifoni anaweka la kulia tu, ile nyingine inaning'inia. Nikajua pamba ni ya kuzuia kile kidude kisidondoke. Leticia alinitazama kama anataka kusema jambo. Nikamwambia zamu yake imekwisha, ashuke.

Machi 24. Mvua 29.

Jumapili ya Matawi. Kwaya imeimba bila Queen.

Machi 31, Pasaka. Mvua 61.

Tumekula wali na kuku. Queen amekula kidogo, amekaa upande wa ukuta. Nilimsimulia mwaka ule kipimo cha kule juu kilipotuonyesha mvua ndogo wiki nzima wakati mito imejaa. Wataalamu wakakaa mezani kupiga hesabu. Mimi nikapanda mlima, nikafungua mdomo wa kipimo, nikatoa jani limeziba tundu. Waliniandika kwenye ripoti, jina langu lipo. Queen alinisikiliza. Au alikuwa anatazama mdomo wangu, siku hizi ana tabia ya kutazama mtu mdomoni. Akasema, "Kwa hiyo babu, kipimo kikisema vibaya mtu anaangalia ndani."

Nikasema ndiyo, ndiyo utaalamu.

Akaondoa sahani.

Aprili 3. Mvua 44.

Queen nimemfuta kwenye jedwali. Nimepiga mstari kwa rula. Bila yeye hesabu imetulia, na ushahidi wa Robert unakaribia kukamilika. Nitamwambia Robert wasichana watatu wanatosha kuthibitisha, na Queen atafuata humo humo.

Aprili 4. Mvua 38.

Mto umepanda. Nyumba inanuka unyevu. Kuna harufu nyingine kwenye mto wa kulalia wa Queen, nimedhani ni sufi imeoza. Nimeuanika kwenye dari juu ya jiko.

Aprili 6. Mvua 52.

Wasichana hawakuja, njia mbaya.

Aprili 7. Mvua 70.

Hakuna. Barabara ya Muheza imekatika mahali.

Aprili 9, Jumanne. Mvua sikuisoma.

Naandika kesho yake lakini tarehe naacha ya jana.

Ilikuwa karibu saa tatu, nimevaa koti niende kwenye kipimo. Queen alikuwa jikoni anachochea uji. Hana hedifoni, ziko msumarini, niliziona. Sakafu kavu, bapa, sakafu niliyoisiriba mimi. Akaenda kushoto. Hakujikwaa, hakuteleza. Alikwenda kama nguo inavyodondoka kwenye kamba, na sufuria ikaja naye. Uji ulimmwagikia mkono. Nikamwinua, akatapika. Akasema nyumba inazunguka, nimshike kichwa. Nikamshika kichwa. Nilimlaza, akafumba macho, akasema bado inazunguka hata akifumba.

Nilikaa pale na kichwa chake mapajani. Niliona uji unaingia kwenye majivu. Nilijua kwamba mtu anatakiwa kuogopa, nikangoja woga uje. Haukuja. Niliangalia saa yangu, imepita saa tatu na dakika ishirini. Kwa mara ya kwanza nimeikosa mvua nikiwa mzima na nipo nyumbani.

Leticia ndiye aliyetukuta. Alikuja kuazima nyengo ya kufyekea, akayaacha mlangoni mazungumzo ya nyengo. Akapiga magoti, akatoa ile pamba kwenye sikio la kushoto la Queen, akanielekezea. Harufu ya mto wa kulalia ilikuwa ni hiyo. Pamba ilikuwa na usaha wa rangi ya kijani, na damu kidogo.

Nilimuuliza amejuaje. Akasema wote wanajua, Lea anajua, Loveness anajua. Tangu Januari sikio linatoka maji, upande ule hasikii kabisa, ndiyo maana anapenda hedifoni, maana sauti inakuja karibu na sikio zima na anaisikia kwaya yote. Kwenye mazoezi ya kwaya alikuwa anapotea.

Nikamwambia, "Na hakuna hata mmoja aliyenieleza."

Leticia hakuwa na adabu ya siku zote. Akasema, "Babu, ulipanda juu ya kreti ukasema ni hedifoni. Ukarudi ukachonga na gogo. Nani alikuwa na nafasi ya kukueleza?"

Nilitoka kutafuta gari.

Gari hakuna. Tulipata pikipiki ya kijana wa jirani, tukakaa mshikaki: yule dereva, nyuma yake Queen, nyuma yake Leticia amemfunga kwa mikono yote miwili na shuka juu. Mimi sikuenea. Nilitembea nyuma yao mpaka barabara ilipokatika, wakamshusha, tukamvusha matope kwa miguu, Leticia kwapani na mimi kwapani. Upande wangu ulikuwa wa kushoto. Alinilemea mimi njia yote. Ng'ambo tukapata gari la mkaa.

Aprili 11. Mvua sijui.

Tanga mjini. Muheza walitutuma huku siku ile ile. Amelazwa. Nimefikia mtaa wa Mabawa kwa Uweso, tulifanya kazi wote kabla yeye hajashuka pwani kuoa. Daftari nimelibeba, sijui kwa nini. Huku mvua inanyesha na hakuna anayeiandika.

Aprili 12. Sijui.

Hakuna.

Aprili 13. Sijui.

Daktari wa masikio ni mwanamke mdogo, umri kama wa Beatrisi wangu. Nilimpa shikamoo kabla hajanipa yeye, akaona aibu. Anasema usaha wa siku nyingi umekula mfupa nyuma ya sikio, umeingia mpaka panapokaa ile mizani ya mwili, na ukiachwa unakwenda kwenye ubongo. Watampasua Alhamisi. Sikio lile halitasikia tena hata akipona.

Nilimweleza kuhusu hedifoni. Nilimweleza kwa urefu. Nikatoa daftari. Alisoma akiwa amesimama, akafunua karatasi moja moja, kumbe anasoma vizuri mwandiko wangu. Akaweka kidole chini ya ule mstari wa rula.

"Huyu uliyemfuta ndiye mgonjwa wangu?"

Nikasema ndiye.

"Hawa wengine hedifoni zimewatikisa kidogo, ni kawaida, muziki unaweza kumyumbisha mtu aliyefumba macho. Huyu yuko sawa akivaa na akivua. Na kila mara kushoto. Mzee, hii umeandika Machi kumi na sita."

Nikasema ndiyo.

Akanirudishia daftari kwa mikono miwili. Mara tano kushoto kwa mkono wangu mwenyewe, na jikoni ya sita. Nilikuwa na jani kwenye tundu na nikapiga rula juu yake.

Jioni Uweso alinitania, ndiyo mazoea yetu. Alisema miaka yote hiyo nimeipima mvua na hata siku moja haikuacha kuninyeshea. Mkewe Zuwena akamkanya. Nilicheka ili wasijisikie vibaya. Nilikula mkate wa kumimina wote walioniwekea.

Aprili 18, Alhamisi.

Wamempasua. Alikuwa ndani kwa muda wa saa nne na nusu. Nilikaa kwenye benchi. Kulikuwa na feni, inazunguka na kutoa mlio kila mzunguko. Nilihesabu milio mpaka elfu moja mia mbili, nikaacha.

Anaishi. Kichwa kimefungwa kama kilemba.

Aprili 19.

Amefungua macho akaniona, akayafumba. Nilimsemesha upande nilioukalia. Hakujibu. Nilifikiri amekasirika. Nesi akaniambia nimekaa upande wa kushoto.

Nikahamisha stuli.

Aprili 21, Jumapili.

Leo amekaa. Amekunywa supu. Tulikuwa wawili tu, wagonjwa wengine wanaangalia misa kwenye simu ya mtu. Nilitaka kumwambia jambo nikaanza kwa habari za mto kujaa. Nikaanza tena kwa habari za Uweso. Queen akanikatiza. Alikuwa anasema polepole, ulimi bado mzito.

"Babu, ungeniuliza tu."

Nikamwambia nilipima.

"Ulinipima. Nilikuwa napanda kwenye lile gogo nasema moyoni, leo ataniuliza mbona naanguka. Unaandika, unasema shuka."

Nikamwambia kwa nini na yeye hakusema. Akasema alipoanguka mtoni nilikuwa tayari nina sababu hata kabla sijamfikia, nilikuwa nakuja naisema njia nzima kwa sauti. Na tangu mama afe, kitu pekee kilichonifanya nitoke kitandani mapema na kuchonga mbao ni hicho cha hedifoni. Akaona anihifadhie hicho.

Naandika hivyo alivyosema. Sijaongeza. Nilitoka nje nikasimama kwenye kibaraza. Macho yalikuwa makavu.

Mei 2. Mvua 19.

Tumerudi Amani jana. Kipimo kilikuwa kimejaa na kufurika, siku ishirini na tatu hazipo kwenye daftari na hazitakuwepo. Nimemwaga maji yote kwenye migomba. Daktari amesema Queen afanye mazoezi ya kusimama, mwili utajifunza kutumia macho na miguu na sikio lililobaki. Hedifoni hazikuozesha sikio, kasema, ila hilo moja lililobaki asilipigie sauti kubwa.

Mei 4. Mvua 6.

Anatembea kwa kushika ukuta.

Mei 8. Mvua 22.

Anatembea bila ukuta mpaka bafuni.

Mei 13, Jumatatu. Mvua 9.

Masika yanaisha na Robert alisema mpaka masika yaishe. Nimeshuka bandani saa ya kupima. Queen alitaka kuja, nikasema hili ni langu. Foleni ilikuwa ile ile. Kreti lilikuwa pale pale, sikulipanda.

Nilisema nilichokuja kusema. Kwamba Machi nilisimama hapa nikasema hedifoni zilimwangusha Queen, na si kweli. Kwamba alikuwa mgonjwa wa sikio, na kipimo changu kilionyesha hivyo kuanzia siku ya kwanza, na mimi nikalifuta jina lake ili niwe sawa. Kwamba kama ningeangalia mwezi mmoja mapema, pengine angekuwa na masikio mawili. Nilikuwa nimepanga maneno mengine ya kujitetea, ya kazi yangu ya miaka mingi. Niliyaacha.

Hakuna aliyecheka, hata Loveness. Walitazama chini. Mtu akaweka gunia lake kwenye mzani kwa kukosa la kufanya.

Robert alijikuna shingo. Alisema gogo la mtoni Queen hatalivuka tena, hilo asahau, lakini hapa bandani anahitajika mtu wa kuchambua majani, anakaa, hasimami juu ya kitu. Aanze akipona. Nikamshukuru. Kisha nikamwambia na ile marufuku aiondoe kwa sababu haina msingi. Akasema ataifikiria, wakivuka mto wazivue hedifoni. Lea akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hakuwahi kuzivua.

Nilipanda mlima taratibu. Palepale kwenye gogo nilishuka nikavuka kwa kupitia majini, magoti hayanitii siku hizi. Sikuwahi kuandika hilo.

Mei 14. Mvua 0.

Queen ameamka mapema akakaa barazani, jua limetoka. Nilisoma kipimo, sifuri, nikaja nikakaa upande wake wa kulia. Nikamuuliza sikio limeamkaje na kichwa kimeamkaje. Nikamuuliza pia wakati ule, tangu Januari, ilikuwaje.

Akanieleza. Ilikuwa maelezo marefu, chai ikapoa, akarudi nyuma mpaka siku tuliyomzika mama yake, na alipofika hapo akaniuliza na mimi ilikuwaje. Hayo siyaandiki humu. Nilimjibu.